Begi la mgongoni linanikata mabega: niongeze sponji au shida iko kwingine?

Mwalimu wa Same

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Same. Shule zikifunga mwezi ujao, tuko walimu wanne tumepanga kutembea kwa miguu kutoka Lushoto hadi Mtae kwa siku nne, tukipitia msitu wa Magamba, Lukozi na Rangwi. Hatuna mpagazi, kila mtu anabeba vyake.

Begi nililinunua Moshi, soko la Memorial, kwa shilingi 45,000 baada ya kubishana na muuzaji karibu nusu saa. Ni la mtumba lakini zima: la kijani, lita 55, ndani ya mgongo wake kuna vyuma viwili vyepesi vilivyosimama, na lina mkanda mpana wa kiuno. Nililipenda nilipolivaa pale sokoni. Lakini sokoni lilikuwa tupu.

Jumamosi mbili zilizopita nikalijaribu. Nilianzia Chome nikapanda Shengena, kilele cha juu kabisa cha milima yetu ya Upare, mita 2,462. Kabla ya kuondoka nililipima kwenye mizani ya duka la mahindi: kilo 12 na nusu. Ndani niliweka blanketi, nguo, unga kilo mbili, sufuria na jiko dogo la gesi. Maji lita tano nilitia kwenye dumu nikalifunga kwa nje, nyuma kabisa.

Saa moja ya kwanza nilikuwa sawa. Saa ya pili mabega yakaanza kuwaka, hasa pale bega linapokutana na shingo. Nikadhani begi linacheza, nikavuta mikanda ya mabega ikaze zaidi. Ikawa mbaya zaidi. Tulipofika kwenye ukungu juu, kidole kidogo na kidole cha pete cha mkono wa kushoto vilikuwa vimekufa ganzi. Usiku nilipovua blauzi nilikuta michirizi miwili myekundu, na hadi Jumatatu nilikuwa naandika ubaoni bega likiuma.

Mambo mengine niliyoyaona, labda yatawasaidia kunisaidia: mkanda wa kiuno haukai kiunoni, unashuka hadi kwenye makalio hata niukaze vipi. Mkanda mdogo wa kifua unanifika karibu na koo. Na juu ya mabega kuna vikanda viwili vyembamba vinavyokwenda kwenye begi, sijui kazi yake, nikaviacha.

Fundi viatu wa hapa stendi ameniambia nimpelekee, aongeze sponji nene kwenye mikanda kwa shilingi 8,000. Mume wangu anasema begi ni dogo, nitafute kubwa. Mimi ni mfupi, mita 1 na sentimita 58. Nani amepitia haya? Nampelekea fundi au la?

---

Fundi Mabegi Moshi

Mwalimu, marahaba, na pole kwa mabega. Usimpelekee fundi bado. Umeeleza vizuri mno, jibu limo kwenye maneno yako mwenyewe. Mkanda wa kiuno unakaa kwenye makalio, wa kifua unakufika kooni. Begi limefunguliwa refu kuliko mgongo wako. Kiuno hakibebi chochote, kilo zote 12 na nusu zimetundikwa mabegani.

Nimebeba mizigo Kilimanjaro miaka kumi na minne, njia za Machame na Marangu, mpaka goti likanitoa mlimani. Sasa nina cherehani nzito hapa mjini na kazi yangu ni mabegi tu, ya wageni, ya waongozaji na ya wagumu, yaani wapagazi, wenzangu. Nakuambia jambo nililolijua kwa mwili kabla sijalijua kwa kichwa. Safari yangu ya kwanza sikuwa na begi. Nilipewa kiroba cha vyombo, nikakifunga mikanda miwili ya kamba ya katani nikavaa mgongoni. Kutoka geti la Machame hadi kambi ya kwanza unapanda kama mita 1,200, msitu mtupu na utelezi. Nilifika kambini mkono wa kushoto hauwezi kufunga kifungo cha shati. Mzee mmoja wa Kibosho tuliyelala naye hema moja akaniuliza: mama yako akitoka kuteka maji, ndoo anaiweka wapi? Nikamjibu, kichwani, juu ya ngata. Akasema basi, na wewe tafuta ngata yako. Kesho yake kiroba kilikwenda kichwani na ganzi ikaanza kuondoka.

Kwenye begi la mgongoni, ngata ni mfupa wa nyonga. Uzito ukikaa juu ya mfupa huo unashuka moja kwa moja kwenye miguu. Bega halina kitu cha namna hiyo. Pana nyama, mishipa, na mtulinga, ule mfupa mwembamba unaotoka begani hadi chini ya koo. Kazi ya mikanda ya mabega ni kulizuia begi lisianguke nyuma. Ikianza kubeba, kuna kitu kimekosewa chini yake.

Sasa tufanye kazi. Chukua futikamba ya fundi cherehani na umwombe mwenzako akupime. Inamisha kichwa kidevu kiguse kifua. Pale shingo inapoingia mgongoni utahisi pingili moja imetokeza kuliko nyingine zote, hapo ndipo juu. Kisha jishike kiuno, vidole gumba vikitazamana nyuma, ukandamize mpaka ushike ukingo wa juu wa mifupa ya nyonga. Mstari unaounganisha vidole gumba ndio chini. Mwenzako apime kutoka juu hadi chini, futikamba ilale kwenye mgongo na kufuata ulivyopinda, isinyooshwe hewani. Hicho ndicho kipimo cha begi lako. Ufupi wako wa mita 1.58 uuache pembeni kabisa, hauniambii kitu.

Halafu geuza begi, tazama mikanda ya mabega inaingilia wapi. Mabegi mengi ya aina uliyoeleza yana njia ya kuishusha na kuipandisha. Mengine yana vitanzi vilivyopangwa kama ngazi, unachomoa mkanda huku unauchomeka kule. Mengine yana velkro pana iliyojificha nyuma ya sponji ya mgongo. Kama ni velkro, usivute kwa nguvu utachana kitambaa. Wewe ni mwalimu, una rula ya chuma ya sentimita 30. Ipenyeze katikati ya zile pande mbili, isukume hadi mwisho, na mikanda itatoka bila vita. Ishushe hadi sehemu ya kati ya mkanda wa kiuno na pale mikanda ya mabega inapoota pawe na umbali unaokaribia kipimo chako. Bandika, chomoa rula, gonga kwa kiganja velkro ishike.

Ukishapata urefu, jaza begi. Mteja akija kwangu na begi tupu huwa namrudisha akalijaze kwanza, maana begi tupu linakaa vizuri kwa kila mtu, kama ulivyoona sokoni.

Vaa kwa mpangilio huu, na usiubadili. Legeza kila mkanda. Pandisha begi kwenye paja, ingiza mkono mmoja, kisha wa pili. Inama kidogo mbele, inua mabega kama mtu anayesema sijui, na funga mkanda wa kiuno katikati yake pakiwa juu ya ukingo wa mfupa wa nyonga. Usiwe tumboni wala kwenye makalio. Ukaze. Sasa shusha mabega. Hapo mikanda ya mabega bado imelegea, na begi linapaswa kubaki lilipo limekalia nyonga. Likishuka, kiuno hakijakaza au hakijakaa mahali pake, rudia.

Kiuno kikishika, vuta mikanda ya mabega kwa kushusha na kurudisha nyuma, taratibu, mpaka iguse bega. Iguse tu. Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu: wanavuta mpaka wanaliinua begi kutoka kwenye nyonga, na uzito wote unarudi mabegani. Ndicho ulichofanya pale Shengena ulipokaza zaidi. Mwenzako akutazame kwa ubavu. Mkanda uzunguke bega bila kuacha uwazi, na uingie kwenye begi kama vidole vitatu chini ya kilele cha bega. Pakiwa na mwanga unaopita kati ya mkanda na bega kwa nyuma, mikanda bado iko juu mno, shusha hatua moja.

Vile vikanda viwili ulivyoviacha ndivyo vinavyolivuta begi karibu na mgongo. Vinatoka kwenye bega kwenda kwenye kichwa cha fremu, yaani vile vyuma vya mgongoni, na vikiwa vimekaa sawa vinapanda kwa mshazari wa nyuzi 45 hivi. Vikilala, au vikielekea chini, ni dalili kwamba urefu wa begi bado haujakaa sawa na mgongo wako. Vivute kidogo mpaka usikie uzito umetoka kwenye kilele cha bega umesogea mgongoni. Usivikaze kama gitaa, begi litakusukuma shingo mbele. Mkanda wa kifua ndio wa mwisho kabisa. Uwe vidole viwili vitatu chini ya mtulinga, na uweze kuvuta pumzi kubwa bila kubanwa.

Kuhusu sponji. Fundi wa stendi huenda ni mzuri, ila sponji aliyonayo nadhani ni ya godoro. Ile ukiibonyeza inalala kama karatasi baada ya saa moja ya kilo kumi, na unene wake unaufanya mkanda uje karibu na shingo, palepale panapokuwaka. Kama sponji ya begi lako imechoka (bonyeza kwa kidole gumba, hesabu mpaka tatu, itazame kama inarudi), basi inabadilishwa kwa ile ngumu inayofanana na soli ya ndala, isizidi sentimita moja na nusu, na ishonwe kwa uzi wa nailoni. Uzi wa pamba unaoza kwa jasho na mvua, na mkanda wa bega unakatika siku uko mbali na nyumbani.

Na lile dumu. Maji lita tano ni kilo tano, na umeyaweka mahali pa mbali kuliko pote kutoka mgongoni. Yanakuvuta nyuma, wewe unainama mbele, mikanda inachimba. Blanketi na nguo chini kabisa. Unga, maji na sufuria katikati, vikigusa mgongo, usawa wa makombe ya mabega. Vyepesi vikae nje na juu. Maji yagawe kwenye chupa za lita moja na nusu, utazipanga vizuri kuliko dumu. Njia yenu ina vijiji kila baada ya saa chache, sioni haja ya kubeba lita tano.

Pima kisha urudi hapa na namba.

---

Mazoezi ya Viungo, Nyeri

Mwalimu, pole sana. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia huku Nyeri, na wikendi natembea milima ya Aberdare na kikundi cha akina mama. Mzee Fundi amemaliza habari ya begi, mimi naongeza kuhusu mwili, hasa ile ganzi, kwa sababu sipendi watu waichukulie kuwa uchovu wa kawaida.

Neva zinazohudumia mkono zinatoka shingoni kama kifurushi, zinapita kati ya mtulinga na ubavu wa kwanza, zinaingia kwapani kisha mkononi. Mkanda unaochimba hapo juu unazibana. Kidole kidogo na cha pete vinahudumiwa na neva ya sehemu ya chini ya kifurushi hicho, kwa hiyo ulichokisikia kinaeleweka kabisa. Majeshi yanalijua tatizo hili tangu zamani kwa sababu ya askari wanaobeba mashanta mazito. Kwa wengi ganzi huisha ndani ya dakika chache au saa chache mzigo ukitolewa. Lakini ukiona mkono umekosa nguvu, unashindwa kuinua mkono juu ya kichwa, kombe la bega limetokeza nyuma kama bawa, au ganzi inaingia siku ya pili na ya tatu, usivae begi tena mpaka umwone daktari. Nimeona kijana aliyekaa miezi kadhaa kabla bega lake halijarudi sawa, na yeye alivumilia ganzi siku tatu nzima akidhani anajikaza kiume.

Jambo la pili ni letu akina mama, na mafundi wengi wanaume hawalitaji. Angalia sidiria yako. Kile kiringi cha plastiki au cha chuma cha kurekebisha urefu kikikaa chini ya mkanda wa begi, kitachimba hata begi liwe limepimwa na malaika. Kisogeze kishuke mbele, au vaa ya michezo isiyo na kiringi kabisa. Pia tazama umbo la mikanda yenyewe. Iliyonyooka kama rula inampita mwanamke mwingi juu ya matiti, kisha anaitanua kwa nje ili apumue, ikasogea hadi kwenye ncha ya bega na kuteleza. Inayojipinda kama herufi S inapita pembeni na kukaa. Kama yako imenyooka, mkanda wa kifua ndio utakaokuokoa, lakini uwe juu ya matiti, usiyakate katikati.

Hapo nina tofauti ndogo na Mzee. Amesema mikanda ya mabega iguse tu. Kwenye barabara pana, sawa. Kwenye vijia vyembamba vyenye mizizi, na nimesikia Magamba iko hivyo, mimi huikaza kidogo zaidi ili begi lisiyumbe nikiruka, halafu nikifika tambarare nailegeza. Msikae na mkazo mmoja kutwa. Kila baada ya nusu saa hivi hamisha: legeza mabega kiuno kibebe, kisha legeza kiuno kidogo mabega yasaidie kwa dakika tano. Damu inapita, na ngozi inapumzika.

Na mkivuka kijito chenye maji ya nguvu, fungueni mkanda wa kiuno na wa kifua kabla ya kuingia. Ukianguka na begi limefungwa mwilini, linakulaza kifudifudi.

---

Kijana wa Rungwe

Naomba kuingilia kidogo, Mzee Fundi. Mimi begi langu ni la kawaida la shule, lita 30, halina fremu wala mkanda wa kiuno. Nilipanda nalo Rungwe na kilo nane, mabega yakafanya kama ya mwalimu. Rafiki amenishauri nifunge kanga kiunoni juu ya begi ili ikae kama mkanda. Itasaidia?

---

Fundi Mabegi Moshi

Kijana, kanga itazuia begi lisiruke ukishuka, lakini haitabeba uzito, maana haijashikamana na kitu kigumu kinachousukuma uzito chini hadi kwenye nyonga. Begi bila fremu linakunjika kama gunia, na gunia linaning'inia tu. Fanya hivi: chukua mkeka wa sponji wa kulalia, ukunje mara tatu upana wa mgongo wako, uusimamishe ndani ya begi upande wa mgongoni kabla ya kutia kitu kingine. Begi litasimama, na vyombo havitakuchoma. Mikanda ya mabega ivute juu ili begi likae juu mgongoni, chini yake pasivuke kiuno. Na punguza mzigo. Kwa begi la namna hiyo mimi sipitishi kilo sita.

Dada wa Nyeri, asante. Habari ya kiringi cha sidiria sikuwahi kuisikia katika miaka yote hii, na sasa naelewa kwa nini baadhi ya wateja wangu walirudi mara mbili wakisema bado panachoma nami sioni kosa kwenye mkanda. Nitakuwa nauliza, kwa adabu, kupitia mke wangu ambaye yuko nami dukani. Na kuhusu kukaza kwenye vijia vyembamba, nakubali. Sisi mzigo mkubwa ulikuwa kichwani na begi la mgongoni lilikuwa la vitu vyetu wenyewe, jepesi, ndiyo maana sikulifikiria hilo.

---

Mwalimu wa Same

Nimerudi na namba. Mwalimu mwenzangu wa hisabati amenipima mara tatu ili tusikosee: sentimita 41, 41 na nusu, 41. Begi lilikuwa limefunguliwa hadi mwisho wa juu, tukapima tukakuta 51. Sentimita kumi nzima! Aliyelivaa kabla yangu huko lilikotoka alikuwa mtu mwenye mgongo mrefu, nami nilitembea kwenye mgongo wake hadi Shengena.

Ni velkro kama ulivyosema. Rula ya chuma ilifanya kazi, ingawa mara ya kwanza niliipenyeza upande mmoja tu na mikanda ikakaa mshazari, bega moja juu jingine chini. Nikaitoa nikarudia. Chini ya velkro nikakuta kuna mistari myeupe ya kuonyesha hatua, ambayo sikuwahi kuijua. Sasa liko kwenye mstari wa pili kutoka chini.

Jana alasiri nilijaza vilevile, unga na sufuria mgongoni, maji chupa mbili badala ya dumu. Mizani ilisema kilo 10. Nikapanda njia ya mifugo nyuma ya shule, nikashuka, nikapanda tena, jumla saa tatu. Nilipofunga kiuno kisha nikashusha mabega, nilisimama uani kama dakika nzima nikiwa sisogei. Mikanda ya mabega ilikuwa hewani na begi halikuanguka. Sikujua kwamba inawezekana. Vidole havikufa ganzi hata mara moja, na leo nimefundisha vipindi vinne bila kuusikia mkono.

Ila kuna jipya. Juu ya mfupa wa nyonga, upande wa kulia, pamefanya alama nyekundu na panauma nikigusa. Kushoto hapana kitu. Nimelegeza kiuno, begi likashuka. Nimekaza, panauma. Ni kuzoea tu au bado nimekosea?

---

Fundi Mabegi Moshi

Sentimita kumi! Mwalimu, wewe ni mvumilivu. Mimi kwa sentimita nne tu huwa naona mtu analia.

Ngozi ya nyonga inahitaji siku mbili tatu kuzoea, hilo ni kweli, lakini mazoea yangekuja pande zote mbili. Upande mmoja peke yake maana yake kuna kitu chini ya mkanda. Ulivaa nini? Kama ni suruali yenye mkanda wa ngozi, uvue, hakuna haja ya mikanda miwili kwenye mfupa mmoja. Kama ni sketi au kanga iliyofungwa ubavuni, fundo limekaa hapo. Funguo mfukoni, simu mfukoni, yote ni hayohayo. Kagua pia kama mkanda wa kiuno umekazwa kwa mkono mmoja tu. Mabegi mengi yana mkia wa kuvuta kila upande, na sisi tunaotumia mkono wa kulia tunavuta kulia peke yake, kifungo kinahama, na ile sehemu yenye sponji inakupita kwa nyuma. Kifungo kikae katikati, usawa wa kitovu, na ncha za sponji ziwe mbele ya mifupa ya nyonga kila upande.

---

Mwalimu wa Same

Mzee, ni funguo. Funguo za maabara, pete nzima, mfuko wa kulia wa suruali. Ninazo mfukoni miaka saba na nilishasahau kama zipo. Na kifungo nacho kilikuwa kimehamia kushoto kama vidole vinne. Nimekirudisha katikati kwa kuvuta mikia yote miwili pamoja, funguo nimeziacha kwenye droo, na jioni hii nimekwenda saa mbili, nyonga zote ziko sawa.

Dada wa Nyeri, sidiria nimebadilisha, asante. Nimewaambia na walimu wenzangu wawili wa kike tutakaokwenda nao, mmoja wao alikuwa na alama hiyo hiyo begani na yeye alidhani ni begi.

Nina swali moja la mwisho, halafu niwaache. Yule mwalimu wa hisabati aliyenipima, ambaye naye tunakwenda naye, ni mrefu sana, mita 1 na 80. Amenunua begi la ukubwa wa juu kabisa kwa sababu ya urefu wake. Nilipomaliza kupimwa mimi, nikachukua futikamba nikampima yeye. Nimepata sentimita 44. Hakuamini, akanifanya nipime tena, ikawa 44 ileile. Begi lake haliwezi kushushwa chini ya 48, nimejaribu na rula. Tunaondoka wiki tatu zijazo. Alirudishe sokoni, au kuna namna?

---

Fundi Mabegi Moshi

Alirudishe, akishindwa aliuze. Sentimita nne siwezi kuzishona, nikihamisha mshono wa mikanda fremu haitakuwa mahali pake tena. Kama mnapita Moshi kabla ya safari, njooni naye Memorial asubuhi ya siku ya kazi, watu wakiwa wachache, abebe matofali mawili au chupa nne za maji za kujaribia, ajaze begi palepale kabla hajalipa. Na aje na futikamba yenu.